Sifuri za Masika

Kuna siku tisa kwenye daftari langu la mvua ambazo nikizifungua naona haya peke yangu. Ni za masika, mwezi wa nne, na kila moja ina sifuri: 0.0, 0.0, 0.0, mpaka chini ya ukurasa. Ukizisoma ukiwa Dodoma utasema Lushoto mwaka ule ilikauka. Lakini mimi nilikuwepo. Katika siku hizo barabara ya Mombo ilifungwa mara mbili kwa kifusi, kabichi zilioza zingali shambani, na jirani yangu wa bondeni alipanda kwangu na pikipiki aliyoisukuma kwa mikono kutoka Soni, tope limemfika magotini. Alisimama barazani, akakodolea kioo cha kompyuta yangu, akasoma kwa sauti: "Mvua ya leo, sifuri." Kisha akanigeukia.

"Mwalimu," akasema, "hii mashine yako inakaa Lushoto gani?"

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kompyuta. Nimefundisha Kiswahili sekondari miaka 32, nikastaafu, nikarudi kwenye shamba la marehemu baba, njia ya kwenda Irente, mahali ambapo ukisogea ukingoni unaiona nyika yote ya Mazinde chini yako, mkonge umepangwa mistari kama daftari la mtoto mwenye mwandiko mzuri. Laptopu niliachiwa na binti yangu alipopata mpya. Ilikuwa na Linux, mfumo endeshi ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma, hata mstaafu mwenye bando la wiki. Binti ndiye aliyenifundisha kuandika programu kwa lugha ya C, kwa simu, jioni za Jumapili soko likishatulia.

Kipimamvua chenyewe ni kitu cha kupendeza. Juu kuna faneli, chini yake vikombe viwili vidogo vilivyokaa kama pembea. Maji yakijaza kimoja, kinapinduka, cha pili kinaingia chini ya faneli. Kila pinduko ni milimita 0.2 za mvua. Kikombe kikipinduka, sumaku inapita mbele ya swichi, kisanduku kinatuma mstari mmoja wa maandishi kwa waya hadi kwenye tundu la USB, na ndani ya Linux mstari huo unatokea kwenye faili linaloitwa /dev/ttyUSB0.

Faili! Hapo ndipo nilipoanza kuyapenda mambo haya. Wale wazee wa Bell Labs kule Marekani, akina Ken Thompson na Dennis Ritchie, walioanza kuijenga Unix mwaka 1969, waliamua kwamba kibodi, diski, printa na waya wa simu vyote vifunguliwe na kusomwa kama faili. Linux ikarithi. Kwa hiyo mvua ya Irente, machoni pa mashine, ni faili lisilo na mwisho ambalo muda mwingi halina kitu ndani.

(Usambara ilikuwa na utaratibu wake wa mvua kabla ya faili. Wafalme wa Kilindi waliokaa Vuga walihesabiwa kuwa na mamlaka juu yake, na Kisambaa kina maneno ya kazi hiyo: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mwanahistoria Steven Feierman ameandika kwa urefu kuhusu jambo hilo. Mzee mmoja wa kijiwe chetu anapenda kunikumbusha kwamba mfalme hakuhitaji betri.)

Sasa, programu haigusi waya. Kati yake na waya kuna kerneli, kiini cha mfumo endeshi, mtunza stoo mwenye funguo zote. Programu ikitaka data inaiomba kerneli kwa wito unaoitwa read: nisomee faili hili, nipe baiti zisizozidi kadhaa, ziweke hapa. Kerneli inakwenda kutazama kama draiva ya kifaa ina kitu, inarudi na jibu. Ikikuta kitu, hakuna hadithi. Hadithi yote iko pale inapokuta ghala tupu.

Kwa kawaida kerneli ikikuta tupu inailaza programu. Inaitoa kwenye zamu ya prosesa, inaiweka kwenye foleni ya wanaosubiri, na kifaa kikileta kitu inaiamsha. Haili umeme, haisumbui mtu. Ni utaratibu mzuri kabisa kama una jambo moja tu la kungoja. Mimi nilikuwa na mawili, mvua na kipimajoto, na programu yangu ya kwanza ilisoma mvua kwanza, halafu joto. Mvua isiponyesha, programu imelala. Programu ikilala, joto halisomwi. Ndiyo maana sina joto la karibu mwezi wa kwanza wote wa mwaka ule: kulikuwa kukavu, na mashine ilikuwa imekaa mlangoni inasubiri tone.

"Baba, fungua faili kwa O_NONBLOCK," binti akaniambia. Hilo ni neno unaloiambia kerneli unapofungua faili, na maana yake ni: ukikuta hakuna kitu, usinilaze, nirudishie jibu papo hapo.

Nililielewa kwa kifurushi. Hapa kwetu, mtu wa Tanga au Dar akikutumia kitu anampa konda wa basi, anakupigia simu, nawe unamtuma kijana stendi. Kuna kumtuma kwa namna mbili. Unaweza kumwambia, "Kaa pale mpaka kije," na hapo huna kijana mpaka jioni. Au unaweza kumwambia, "Nenda kaulize, kama hakijafika rudi, kuna kuni za kupasua." O_NONBLOCK ndiyo hiyo ya pili.

Lakini ukimtuma kwa namna ya pili umejitwika mzigo mwingine. Sharti uelewe anarudi na jibu gani. "Hakijafika" ni jibu moja. "Hakiji, basi limegeukia Korogwe na konda amerudisha mzigo" ni jibu jingine. "Ofisi ya basi imefungwa" ni la tatu. "Nilikuwa njiani, bibi akaniita nimbebee ndoo" ni la nne. Na yote manne yanafanana kwa jambo moja: kijana amerudi mikono mitupu. Mzazi anayetazama mikono tu, asisikilize maneno, ndiye mimi wa masika yale.

Programu yangu ya pili ilisema hivi: kama read imeleta zaidi ya sifuri, hesabu mapinduko; vinginevyo, andika kwamba mvua ni sifuri. Neno "vinginevyo" ndilo lililoniponza. Wito wa read una majibu ya aina tatu. Nambari chanya ni idadi ya baiti zilizosomwa. Sifuri maana yake ni mwisho wa faili, hakuna tena, upande wa pili umefungwa. Na -1 maana yake kuna kosa, na aina ya kosa imeandikwa pembeni, kwenye kijisanduku kiitwacho errno. Mimi sifuri na -1 nilizitia kapu moja.

Siku kavu, kerneli ilikuwa inanirudishia -1, na kwenye errno msimbo wa EAGAIN: hakuna kitu kwa sasa, jaribu tena baadaye. Mimi nikaandika 0.0, na kwa bahati ilikuwa kweli. Kisha panya akaingia darini akala waya. USB ilipokatika, kerneli ilibadilisha jibu siku ileile. Ikaanza kunirudishia sifuri tupu, na kwa waya wa namna hii ukishakatika sifuri hiyo ina maana moja tu: mwisho, usiulize tena. Iliniambia hivyo kila dakika kwa siku tisa, nami kila mara nikaandika 0.0. Kosa halikuwa la panya. Panya alifanya kazi yake, na kerneli ilisema ukweli wote.

"Baba, uliangalia errno?"

"Errno ndiyo nini, mama?"

Kimya cha binti yangu kwenye simu nilikitambua. Ni kimya nilichowapa wanafunzi wangu kwa miaka 32.

Basi nikaketi nikajifunza. Ndani ya kerneli kwenyewe, makosa hayana kijisanduku cha pembeni. Kazi ndani ya kerneli ikishindwa inarudisha nambari hasi: draiva isipokuwa na data, na mwombaji akawa amekataa kulazwa, inarudisha -11, kwa kuwa kwenye Linux ya kompyuta kama yangu EAGAIN ni 11. Nambari kuanzia -1 kushuka hadi -4095 zimetengwa kwa ajili ya makosa. Jibu hilo likivuka mpaka kuja upande wa programu, maktaba ya C inalibadilisha kuwa -1 na kuiweka ile 11 kwenye errno. Na errno ina tabia ya kibao cha "Tumefunga" ambacho mwenye duka amesahau kukigeuza. Wito ukifanikiwa, hakuna anayekuja kuifuta. Ya jana inabaki pale. Kwa hiyo huisomi mpaka kwanza uwe umepata -1, na ukishaipata isome hapohapo kabla hujaita kitu kingine.

Tena usiandike 11 kwenye programu yako, andika jina. Kwenye kompyuta za Mac kosa hilohilo ni 35. Jina lenyewe lina historia ya kuchekesha: kwenye Unix za mwanzo EAGAIN ilielezwa kuwa ni kosa la kukosa nafasi ya kuanzisha programu mpya. Kazi hii ya data ambayo haijafika ilipewa baadaye, kama mtumishi wa ofisi aliyeajiriwa kufungua geti akajikuta anapiga mihuri. Watu wa Berkeley, kwa toleo lao la Unix, walikuwa na jina lao, EWOULDBLOCK, yaani "ningelazimika kukulaza". Linux imeyapa majina yote mawili nambari moja. Kanuni za POSIX, zinazosawazisha mifumo ya jamii ya Unix, zinaruhusu yatofautiane, ndiyo maana waandishi waangalifu wanauliza yote mawili.

Msimbo mwingine unaorudi mikono mitupu ni EINTR, yule kijana aliyeitwa na bibi njiani. Programu ilikuwa inasubiri, ikaja ishara nyingine, usomaji ukakatizwa kabla haujapata chochote. Si kosa la mtu, unarudia tu. Ndani ya kerneli jambo hili lina jina jingine, ERESTARTSYS, nambari 512, na pembeni yake kwenye msimbo wa Linux wameandika kwamba programu za kawaida hazipaswi kuliona kamwe. Nilipenda hilo. Hata kerneli ina maneno ya uani yasiyofika sebuleni.

Halafu kuna EIO, kosa la kifaa chenyewe, ofisi ya basi iliyofungwa. Hilo halirudiwi kwa matumaini. Linaandikwa, na mwenye nyumba anaitwa.

Nikaandika programu ya tatu. Kwa kuwa EAGAIN inasema jaribu tena, nikajaribu tena. Mara moja. Na tena. Na tena. Ndani ya saa moja feni ya laptopu ilikuwa inalia kama mashine ya kusaga ya Mlalo, na betri ya sola ambayo siku zote hunifikisha asubuhi iliisha kabla ya taarifa ya habari. Programu ilikuwa inauliza mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde kama tone limeanguka. Umemtuma kijana stendi, akarudi akasema hakijafika, ukamwambia nenda tena, bila hata kumruhusu anywe maji. Kuni hazijapasuliwa, kijana yuko hoi, na basi bado liko Segera.

Dawa yake ipo miaka mingi. Unaiambia kerneli, kwa wito uitwao poll: hivi hapa ni vifaa vyangu viwili, nilaze, uniamshe chochote kati yake kikiwa na la kusema, au dakika moja ikipita. Kulala kumerudi, lakini sasa ni kulala kwenye milango yote kwa pamoja. Ndugu yake mkubwa, select, alikuja na Unix ya Berkeley mwaka 1983. Linux ikaongeza epoll mwaka 2002, kwa ajili ya mashine zinazohudumia watu maelfu kwa wakati mmoja. Mimi na vifaa vyangu viwili hatukuhitaji ukubwa huo. Na hata poll ikikuamsha, O_NONBLOCK inabaki, kwa sababu inaweza kukuamsha, ukaenda, ukakuta hamna kitu. Kuambiwa kipo si sawa na kukishika mkononi.

Jambo moja dogo lilinisumbua wiki nzima zaidi ya hayo yote. Kisanduku kilituma idadi ya mapinduko tangu kiwashwe, na siku moja daftari likasema yalikuwa 412, kisha 41, kisha 3. Nilidhani panya karudi. Kumbe mstari ulifika vipande: "41" kwanza, "3" baadaye. Read haikuahidi mstari mzima, imeahidi baiti zilizopo. Ukipata pungufu si kosa na hakuna msimbo wowote wa kukuonya. Unaweka kipande kando, unangoja kingine, unaunga mpaka uone alama ya mwisho wa mstari.

Nilipofika hapo nilikuwa nimekwisha kuipata programu yangu ya nne, inayofanya kazi mpaka leo, na mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini kulikuwa na kitu kilichonikereketa kama mwalimu wa sarufi. Nilifundisha kidato cha kwanza mara zisizohesabika kwamba "hakuja" na "hajaja" si kitu kimoja. Hakuja: shughuli imekwisha, viti vimekusanywa, mtu hakuonekana. Hajaja: sahani yake imefunikwa kawa. Kiambishi -ja- kinakana tendo na papo hapo kinaacha mlango wazi. Mtoto wa miaka mitatu hapa Lushoto hakosei. Nikajiuliza, je, hawa waliojenga mashine walikuwa na -ja- tangu mwanzo?

Hawakuwa nayo wote. Unix ya tawi la System V ilikuwa na neno lake la kuomba usilazwe, O_NDELAY, na ukisoma bomba (njia ya data kati ya programu mbili) au terminali ikiwa tupu ilikurudishia sifuri. Sifuri ileile ya mwisho wa faili. Hakuja na hajaja, jibu moja. Programu ilibaki inakisia. Upande wa Berkeley walirudisha -1 na msimbo, wakawa na -ja- yao. Kanuni za POSIX za mwaka 1988 ndizo zilizokata shauri: neno jipya, O_NONBLOCK, na jibu la tupu liwe -1 pamoja na EAGAIN, ili sifuri ibaki na maana yake moja. Mkanganyiko huo wa zamani umeelezwa na W. Richard Stevens kwenye kitabu chake kikubwa cha Unix cha mwaka 1992. Nilifurahi kujua kwamba Stevens alizaliwa Luanshya mwaka 1951, kwenye migodi ya shaba ya Zambia ya leo. Alifariki mwaka 1999.

Na hata POSIX haikufunga kila tundu. Kwa nyaya za aina ya kipimamvua changu, kuna mpangilio ambapo unaruhusu usomaji urudi hata kama haukupata baiti moja. Ukiuchanganya na O_NONBLOCK, kanuni zinaruhusu mfumo ujibu sifuri au -1 na EAGAIN, chochote kati ya hivyo. Niliupangilia waya wangu upya usiku uleule.

Ya diski ni kichekesho kingine. Ukifungua faili la kawaida lililoko kwenye diski kwa O_NONBLOCK, Linux inalipuuza ombi lako. Kwa mila ya Unix diski iko tayari daima, haichelewi, kwa hiyo hakuna cha "bado". Aliyeandika mila hiyo hakuwahi kuwa na diski yangu, inayogonga kokoko kabla ya kusoma. Programu inayoisubiri inaingia usingizi ambao kwenye orodha ya Linux umewekewa herufi D, na ukiwa mzito hata amri ya kuua haiiamshi. Ndipo mwaka 2017, kwenye toleo la 4.14, wakaongeza bendera iitwayo RWF_NOWAIT kwa wito wa preadv2: nisomee kama data iko tayari kwenye kumbukumbu, kama itabidi uende kwenye diski, usiende, niambie EAGAIN. Mwaka 2019 Jens Axboe akaleta io_uring kwenye toleo la 5.1, njia ya kuacha maombi kwenye foleni na kuyakuta majibu kwenye foleni nyingine. Humo ndani kerneli yenyewe hujaribu kwanza bila kungoja, na ikipata EAGAIN humkabidhi mfanyakazi wa pembeni akangoje yeye.

Nilikuwa nasoma mwongozo wa bendera ile ya 2017, usiku, mvua inagonga bati, nikafika chini kabisa panapoandikwa kasoro. Pale pana sentensi moja. Inasema kwamba Linux 5.9 na 5.10 zina kasoro: preadv2 yenye RWF_NOWAIT huweza kurudisha 0 hata kama mwisho wa faili haujafika.

Nilisoma mara tatu. Matoleo hayo ni ya mwaka 2020. Miaka zaidi ya 30 tangu POSIX iitenge sifuri, kerneli inayoendesha sehemu kubwa ya mashine za dunia ilitoka nje ya nyumba ikisema "hakuja" mahali pa "hajaja". Programu iliyoiamini ingefunga faili katikati na kuondoka, ikidhani imesoma yote, bila ujumbe wowote wa kosa. Niliandika amri ya kuuliza toleo la laptopu yangu. 5.10. Nilicheka mpaka mama watoto akaniuliza kutoka chumbani kama nimepatwa na nini. Programu yangu haikuitumia bendera hiyo, na waya si diski, kwa hiyo zile siku tisa zinabaki kuwa zangu. Lakini nililala vizuri zaidi.

Binti aliponisikiliza nikimweleza haya alisema watu wake kazini wanagombana na jambo hilohilo kila wiki, kwenye pesa za simu. Unatuma pesa kwa wakala, mtandao unakwama, unapata ujumbe kwamba ombi linashughulikiwa. Hilo ni -ja-. Programu, au mtu mwenye haraka, akilisoma kama "imeshindikana" atatuma mara ya pili, na dakika kumi baadaye zote mbili zimefika. Akilisoma kama "imefika" atampa mteja mzigo bila malipo. Nimeyaona yote mawili pale sokoni, kwa watu wenye akili timamu kuliko mimi.

Daftari sasa lina alama tatu. Dakika zikipita kimya na kifaa kiko hai, programu inaandika 0.0, kwa kuwa sasa ni sifuri iliyoulizwa na kujibiwa. Kisanduku chenyewe nimekipangia kitume salamu kila saa hata kama hakuna mvua, maana EAGAIN peke yake haikwambii kama mwenzio yuko kimya au amezimia. Salamu ikikosekana, inaandika "haijajulikana". Kerneli ikisema mwisho au kosa la kifaa, inaandika "waya" na kunipigia kengele, nami napanda darini na tochi.

Zile sifuri tisa sikujua nizifanye nini. Kuzifuta ni kama kughushi, na kuziacha ni uongo. Mwezi uliopita jirani yangu wa pikipiki alipita kuchukua miche ya peasi, nikamwonyesha ukurasa, nikamwuliza kama anakumbuka kiasi gani kilinyesha siku zile, hata kwa kukadiria, kwa kimo cha tope.

Aliutazama ukurasa kitambo. "Kiasi sikijui, Mwalimu," akasema. "Wewe andika tu ilinyesha."

Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika mara tisa.